Mbuta Anakula Nini?

Pale Busia samaki hubadilisha jina haraka kuliko pesa. Upande wetu ni mbuta, omena na fulu. Ukishapita geti, hatua chache tu mbele, ni mputa, mukene na nkejje. Ukishuka hadi Mwanza utaambiwa sangara, dagaa na furu. Samaki ni wale wale watatu, na ziwa ni lile lile. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile marais wawili walikuja kuzindua Februari 2018, kilirahisisha mambo ya stempu lakini majina hakikuyagusa.

Mbuta ndiye anayekula. Omena na fulu ndio wanaoliwa. Na kama wewe ni mmoja wa wale wasee wanaoshuka Sio Port au Port Victoria wikendi wakiwa na fimbo ya kuvulia, bila mtumbwi, wakirusha samaki wa plastiki kutoka ufukweni, basi usianze kwa kuuliza dukani chambo gani ni kizuri. Uliza kwanza mbuta wa hapa anakula nini siku hizi. Jibu limebadilika mara kadhaa tangu nyanya zetu wawe wasichana, na mabadiliko hayo hayakuanza yenyewe. Kuna watu waliyaanzisha.

Waingereza walipojipanga Kenya walikuta mito ya milimani ina maji safi na baridi, lakini haina samaki wa kuwafurahisha. Mwaka 1905 Ewart Grogan akaleta trauti wa kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura huko Aberdare. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawa zamu ya bass wa Marekani, akatiwa Naivasha. Hakuna aliyekuwa amelala njaa. Ilikuwa ni mchezo. Mtu wa fimbo anataka samaki mkali, anayefukuza kitu kinachong'aa na kukipiga kwa hasira, halafu apigane mpaka mkono uchoke.

Kwa macho hayo, Ziwa Victoria lilikuwa hasara tupu. Lilijaa samaki, ndiyo, lakini wengi walikuwa fulu wa ukubwa wa kiganja, wenye miba. Ngege alikuwa mtamu kuliko wote, ila chakula chake ni mwani. Unaweza kumrushia kijiko cha fedha siku nzima na hatageuza hata jicho.

Watu wa huku hawakuwa na shida hiyo kwa sababu hawakuwa wanavua hivyo. Mvua ikinyesha, ningu walipanda mto Sio na mto Nzoia kwenda kutaga, na watu waliweka uzio wa fito na vikapu mtoni, wakawasubiri njiani. Ujuzi ulikuwa wa kujua siku na njia ya samaki. Mtaalamu mmoja, Peter Whitehead, aliandika kwa kina kuhusu uvuvi huo wa mito ya Nyanza miaka ya 1950. (Huyu Whitehead ni stori peke yake: miaka ya 1970, akitafuta michoro ya zamani ya samaki huko Ulaya, alisaidia kufichua kwamba miswada ya Mozart iliyodhaniwa kupotea vitani ilikuwa imekaa tu kwenye maktaba huko Kraków.)

Wazo la kuleta samaki mkubwa mla-wenzake ziwani lilikuwa limeshaonywa mapema. Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, na katika ripoti yake ya 1929 akasema kwamba kumleta samaki wa aina hiyo bila utafiti wa kina itakuwa hatari kubwa sana. Ripoti ikawekwa kwenye rafu.

Miaka ya 1950 hoja ikafufuka, hasa upande wa Uganda. Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori huko, alikuwa mmoja wa waliotaka mbuta aletwe. Hoja zilikuwa mbili na zilitembea pamoja. Ya kwanza, fulu ni takataka yenye mifupa, heri tumlete samaki wa kuwala fulu na kuwageuza kuwa minofu. Ya pili, mbuta ni samaki wa fimbo, atawaleta wageni wenye pesa. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, alichapisha onyo lake mwaka 1960. Kumbe anabishana na jambo ambalo limeshafanyika. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle aliandika katika jarida la BioScience kuhusu jinsi mbuta walivyotiwa ziwani kimyakimya huko Jinja mwaka 1954, kwa amri kutoka juu, na aliyetumwa kazi hiyo ya mkono alikuwa mfanyakazi wa samaki, Mkenya. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine, safari hii hadharani.

Nikisoma hizi hoja mbili siwezi kuacha kufikiri kwamba ile ya minofu ilikuwa ya kwenye karatasi na ile ya fimbo ilikuwa ya moyoni. Siwezi kuthibitisha yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Lakini angalia orodha: trauti, bass, mbuta. Wote watatu wanafukuza kitu kinachong'aa.

Kwa karibu miaka 20 hakuna kilichoonekana sana. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia 1980, mbuta akalipuka, kwanza upande wa Kenya. Fulu walikuwa zaidi ya spishi 500, na walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani. Ndani ya muongo mmoja hivi wakashuka mpaka karibu sifuri. Takriban spishi 200 zinadhaniwa kutoweka kabisa. Viwanda vya minofu vikajengwa, ndege zikapakia, Ulaya ikala. Sisi tukabaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kukatwa, na kule Obunga, Kisumu, akina mama wakajenga biashara nzima ya kuvikaanga na kuviuza. Hubert Sauper alitengeneza filamu kuhusu jambo hilo upande wa Mwanza, ikatoka 2004, na mpaka leo watu wanaigombania.

Sasa rudi kwenye tumbo la mbuta, maana ndilo linatuhusu. Alipoingia alikula fulu. Fulu walipoisha aligeukia omena, kamba wadogo wa ziwani, na watoto wake mwenyewe. Ndiyo, mbuta anakula mbuta. Na kuna mahali ambapo fulu hawakuisha kabisa. Mbuta anahitaji maji yenye hewa nyingi, na maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo. Fulu fulani, pamoja na kamongo na mumi, wanavumilia humo. Kwa hivyo vinamasi vya mafunjo, kama ule wa Sio-Siteko unaokatwa katikati na mpaka wa Kenya na Uganda, vikawa kama kambi ya wakimbizi. Fulu anajificha ndani, anachungulia, anatoka kidogo kutafuta chakula. Mbuta anasubiri nje, kwenye mstari ambapo mafunjo yanaishia na maji ya wazi yanaanzia.

Mstari huo hauna kina. Ni maji ya magoti, kiuno, wakati mwingine kifua. Chini kuna mizizi na tope. Juu kuna gugumaji linaloelea. Nafasi ya chambo kupita ni kama futi mbili tu za maji katikati. Ndiyo maana mvuvi wa ufukweni anahitaji chambo kinachoogelea juujuu, na ndiyo maana kile kikubwa cha kuvutwa nyuma ya boti, kinachozama mita tano, huku ni cha kupoteza tu. Utakitupa mara moja na utavua mizizi.

Babu wa vyambo hivi alitoka mbali. Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Finland, kwenye ziwa Päijänne. Aligundua kwamba samaki mkubwa akifika kwenye kundi la wadogo hachagui yeyote tu, anachagua yule anayeyumba, aliyeumia. Mwaka 1936 akachonga samaki wa gome la koki, akamvika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha negativu za picha akampaka. Yule samaki akayumba vizuri. Agosti 1962 jarida la Life likachapisha habari za chambo chake katika toleo lililokuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada, chini ya wiki mbili tu baada ya kifo chake. Toleo hilo likanunuliwa kama mkate na maagizo yakafurika kijijini kwa Rapala. Mwaka ule ule 1962, Entebbe, mbuta walikuwa wanamwagwa ziwani. Chambo na samaki wake walitoka kwa dunia pamoja, bila kujuana.

Kinachokifanya chambo kizame au kibaki juu ni ile sahani ndogo ya plastiki iliyo chini ya kidevu chake. Ikiwa ndefu na imelala kuelekea mbele, maji yanaisukuma chini na chambo kinazama. Ikiwa fupi na imesimama kama inataka kuangalia chini, chambo kinatikisika sana lakini hakiendi mbali, kinabaki ndani ya futi moja au mbili. Ukiwa dukani usisome tu maandishi ya pakiti, angalia kidevu. Halafu angalia kama kinaelea. Kwa ukingo wa mafunjo chukua kinachoelea, kwa sababu kikigonga mzizi unaacha kuvuta, kinapanda chenyewe, unaendelea. Kinachozama kitakaa pale pale kwenye mzizi na wewe utabaki unaimba.

Mwili wa mbao nyepesi hutikisika hata ukivuta polepole, ila hupasuka ukipiga jiwe. Plastiki ni ngumu na hurushwa mbali zaidi dhidi ya upepo, na upepo wa alasiri kutoka ziwani si mchezo. Ukitaka kuchonga mwenyewe, pale pale ufukweni kuna ambachi, ule mti wa majini wenye mbao nyepesi kama sponji ambao watu wametumia kama maboya tangu zamani. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara itakupa mng'ao. Rangi ya kucha isiyo na rangi, mara tatu, itazuia maji. Rapala angekuelewa.

Rangi sasa, na hapa ndipo historia inalipa. Ukiwa mahali pa wazi, penye mchanga, ambapo omena wanakuja usiku, chagua cha fedha, chembamba, cha urefu wa kidole. Ukiwa kwenye mafunjo chagua kifupi, kinene kiasi, mgongo wa kahawia au kijani, chenye mistari ya kusimama, kwa sababu fulu ndivyo alivyo. Na kuna kile cha tatu ambacho wengi wanakidharau: mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, kikubwa kama kiganja. Hicho ni mtoto wa mbuta. Kwa mbuta mkubwa, hicho ni chakula cha nyumbani.

Kukiweka sawa ndiyo sehemu ambayo nilijifunzia Malaba, mahali ambapo hakuna ziwa hata kidogo. Kuna mto, kuna foleni ya malori, na kuna muda mwingi wa kupoteza. Dereva mmoja wa kutoka Mombasa alikuwa amekwama huko siku ya pili akisubiri karatasi zake, na ndani ya lori alikuwa na boksi la vyambo. Yeye huvua baharini akisimama juu ya mwamba, anatafuta kolekole na mzia, na alinieleza kwamba kule shida ni ile ile: maji ni mafupi juu ya miamba, chambo kikizama kinaliwa na jiwe. Nilipomwonyesha changu, kile cha bei rahisi kilichokuwa kinalala ubavu kila nikivuta haraka, hakukiangalia hata tumbo. Aliangalia pua.

"Hiki kitanzi kimepinda, kijana wangu. Kinaelekea wapi ukivuta?"

"Kinakimbilia kulia, mzee."

"Basi kigeuze pua ikutazame wewe, halafu pinda kitanzi kushoto. Kidogo. Ukiona kwa macho kwamba kimepinda, ushapitiliza."

Ndiyo kanuni nzima. Shika chambo pua ikikuelekea, kumbuka kilikuwa kinakimbilia upande gani kikija kwako, kisha kwa koleo sukuma kile kitanzi cha waya kuelekea upande wa pili, unene wa karatasi tu. Rusha, vuta, angalia. Rudia. Usikizungushe kama skrubu kwa sababu kitalegea na siku ya mbuta mkubwa kitang'oka. Kiwanda cha Rapala hujaribu kila chambo majini kabla ya kukiuza, hiyo ni sehemu ya bei unayolipa. Vile vya rahisi havijaribiwi, kwa hivyo kiwanda ni wewe.

Mzee aliongeza mambo mengine mawili. La kwanza ni ndoano. Watu wa baharini hubadilisha ndoano za kiwandani kwa sababu chumvi huzila na kolekole huzinyoosha. Ziwani chumvi hakuna, lakini mbuta wa kilo 20 hunyoosha chuma vilevile. Ukiweka ndoano nzito zaidi, chambo kilichokuwa kinaelea kinaweza kuanza kuzama, na ile futi mbili yako imekwisha. Kwa hivyo kijaribu kwenye karai kwanza. La pili ni fundo. Ukikaza mshipi moja kwa moja puani, unakifunga chambo mdomo. Acha kitanzi kidogo cha mshipi ili pua icheze huru. Mbuta hana meno ya kukata, ana mdomo wa msasa na mifupa mikali kwenye mashavu, kwa hivyo nailoni nene ya nusu mita mwishoni inatosha. Waya wa chuma utaua mtikisiko wote.

Vuta polepole, ncha ya fimbo ikiwa juu, na usimame mara kwa mara. Saa nzuri ni giza likiingia au kabla halijaondoka, wakati mbuta, ambaye macho yake huwaka ukimmulika tochi, anaona vizuri kuliko anaowafukuza. Ila hizo ndizo pia saa za viboko, na Budalang'i viboko si hadithi ya watoto. Ukisikia mafunjo yanavunjika, toka. Na usisimame majini bila buti, kichocho kipo.

Kuna sababu nyingine ya kuvua ukiwa umesimama ardhini. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili. Kutoka mdomo wa mto Sio mpaka unaingia majini kuelekea kisiwa cha Sumba, kwa mujibu wa amri iliyotolewa London mwaka 1926, na hakuna boya wala uzio wa kukuonyesha uko wapi. Tangu Uganda ilipoweka jeshi kusimamia uvuvi mwaka 2017, wavuvi wa Busia wameendelea kukamatwa, nyavu na injini zao kuchukuliwa, wakiambiwa wamevuka. Wenyewe husema mbuta ndiye aliyevuka. Samaki alitiwa Jinja, akaenea kokote alikotaka bila pasipoti, na mtu wa Marenga anayemfuata kwa mtumbwi analala seli.

Kwa aliye ufukweni sheria ni nyepesi lakini ipo. Ongea na BMU ya ufuo kwanza, wao ndio wenye mahali. Nchi tatu zilikubaliana kwamba mbuta wa kutolewa majini awe kati ya sentimita 50 na 85: mdogo hajazaa bado, na mkubwa ndiye mama wa wengi. Maji mafupi ya kwenye mafunjo yamejaa wadogo. Ndoano ya matawi matatu humrarua mdogo vibaya, kwa hivyo mimi hutoa zote mbili na kuweka ya tawi moja moja, na kwa koleo lile lile hubana kile kijimwiba cha nyuma. Kisha narudi kwenye karai, kwa sababu uzito umebadilika na kitanzi cha pua huenda kikahitaji kuguswa tena.

Jambo la mwisho ni la boksi lako. Tangu miaka ya 1990, mbuta walipovuliwa sana na kupungua, baadhi ya fulu wameanza kurudi kwenye maji ya wazi. Si wote, na waliotoweka wametoweka. Lakini waliobaki wanatoka mafunjoni na kuonekana mahali ambapo kizazi cha wazazi wetu hakikuwaona, na mbuta ameanza kuwala tena. Kwa hivyo usiende na vya fedha peke yake. Weka pia kile kifupi cha kahawia chenye mistari, na ukirushe kwanza.